Pumzi ya Mama Yetu na Moshi wa Jiko

Pumzi ni neema ambayo mwanadamu haihesabu. Huhesabu fedha zake, huhesabu watoto wake na miaka yake, walakini ni nadra mtu kukaa kitako akahesabu pumzi zake, kwa sababu zaenda na kurudi pasipo kuombwa, katika kulala na katika kuamka. Huanza kuzihesabu zinapompungukia. Sisi wa nyumba hii tumejifunza kuzihesabu kwa kusikiliza kifua cha mama yetu mzazi usiku, ukuta wa chumba ukiwa kati yetu naye. Na hayo tuliyojifunza twaona si haki kuyaficha, kwani twajua kuwa nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni zina mzee akohoaye vivyo hivyo, na jamaa zake wakisema, "Ni uzee tu huo."

Si uzee. Hilo ndilo neno la kwanza ambalo twataka msomaji alishike kabla hajafika mbele.

Mama yetu hakuvuta sigara hata siku moja katika umri wake. Twalitanguliza jambo hili kwa kuwa wengi wakisikia maradhi ya mapafu hufikiri habari ya tumbaku peke yake. Baba yetu alipofariki mwaka 1986 alimwachia watoto watano na nyumba ya vyumba sita huko Tandika, yenye ukumbi katikati na ua nyuma, kama zilivyo nyumba nyingi za mji wetu wa Dar es Salaam. Vyumba vitatu akavipangisha. Na ili tule na tusome, akaanza kupika maandazi na mihogo ya kukaanga kwa kuuza. Aliamka saa kumi za usiku akawasha moto kabla ya adhana ya alfajiri. Ulipokuwapo mkaa alitumia mkaa; ulipopanda bei alitumia kuni na vipande vya mbao alivyoletewa kutoka kwa maseremala wa Keko. Wakati wa masika, ua ulipojaa maji, aliliingiza jiko ukumbini. Sisi tuliokuwa watoto tulilala katika moshi ule, na harufu yake hata leo hutukumbusha shibe, wala haitukumbushi madhara. Kila mmoja wetu ajuaye kusoma na kuandika alisomeshwa kwa maandazi yale. Kwa hiyo tuandikapo juu ya ubaya wa moshi, twaandika tukiwa wenye deni.

Maradhi haya hayaji kwa kishindo. Huja kama mwizi anayeondoa tofali moja moja, hata siku ukuta unapoanguka watu wakadhani umeanguka siku ile ile. Mwaka 2018 mama yetu alikuwa akikohoa kila asubuhi na kutoa makohozi, nasi tukasema ni baridi ya alfajiri. Baadaye akaanza kusimama njiani aendapo sokoni, akijifanya kutazama khanga zilizotundikwa dukani, kumbe anatafuta pumzi. Kisha akaacha kwenda sokoni, akamtuma mjukuu. Kisha akaacha kwenda darsa ya wanawake, akatoa udhuru kuwa miguu inamwuma. Sisi tulizikubali nyudhuru zake zote, kwani zilikuwa nyepesi kwetu. Mtu akipunguza mwendo wake kidogo kidogo ili aufiche ugonjwa, jamaa zake nao hupunguza macho yao kidogo kidogo, na wote wakaishi kwa amani isiyo ya kweli.

Tulipoanza kumtafutia dawa tulipita njia za makosa kabla ya kuifikia iliyo sawa. Katika zahanati moja alipewa vidonge vya kuua vijidudu, akapewa tena, na tena, kila kifua kilipobana, pasipo mtu kumwuliza anapikia nini na kwa miaka mingapi. Makohozi yake yalipimwa kifua kikuu mara tatu, na mara zote tatu hakikuonekana; tukashukuru, tukarudi nyumbani, na kikohozi tukarudi nacho. Mwingine akatuambia ni pumu. Jamaa wa upande wa baba wakasema ni kijicho cha watu, wakaleta mtu wa kumfukiza. Akafunikwa shuka, chetezo kikawekwa miguuni pake, na usiku ule hakulala hata kidogo kwa kukosa pumzi. Hatumlaumu mmoja wao. Kila mmoja alileta alichokuwa nacho, na sisi tuliokuwa na wajibu wa kuuliza hatukuuliza.

Mwaka 2022 ndipo alipofikishwa katika hospitali kubwa na kukutana na kipimo kinachostahiki maradhi haya. Ni kipimo chepesi, hakina sindano wala kisu. Mgonjwa huvuta hewa kwa kadiri awezavyo, akakiweka kinywa chake katika mrija, akaitoa hewa yote kwa nguvu na kwa haraka mpaka ikwishe, nacho chombo huandika ni kiasi gani kimetoka na kwa muda gani. Asili yake ni chombo alichokibuni tabibu wa Kiingereza, John Hutchinson, aliyeandika habari zake mwaka 1846. Mtu mzima mwenye mapafu mazuri, katika nukta ya kwanza tu hutoa kiasi cha asilimia 70 au zaidi ya hewa yote aliyonayo. Mama yetu alivutishwa kwanza dawa ya kufungua njia za hewa, akapumzishwa, akapimwa tena. Na hata baada ya dawa hiyo, katika nukta ya kwanza alitoa chini ya nusu. Daktari akatuambia jina la maradhi: ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa mapafuni.

Tulimwomba atufahamishe kama afahamishavyo watoto, naye hakuona taabu. Alisema pafu ni kama mti uliopinduliwa. Shina lake ni koo la hewa, matawi yake ni mirija inayogawanyika na kuwa myembamba zaidi na zaidi, na mwisho wa vijitawi viko vifuko vidogo sana vya hewa, ambamo damu huchukua hewa safi na kuacha iliyochafuka. Moshi uingiapo mwaka baada ya mwaka, mirija huvimba na kujaa makohozi, na vifuko vile huharibika, vikapoteza mnepo wake kama mpira uliokaa juani. Kifuko kisicho na mnepo hakiwezi kuisukuma hewa nje. Basi taabu ya mgonjwa huyu si kuingiza hewa tu, bali ni kuitoa: hewa kuukuu yakaa ndani, na hewa mpya haina nafasi ya kuingia. Ndiyo sababu kifua chake huonekana kimejaa, naye mwenyewe alalamika kuwa hana pumzi.

Akatubainishia pia tofauti zake na ndugu zake. Pumu mara nyingi huanza utotoni, huja na kuondoka, na baina ya shambulio moja na jingine mtu aweza kuwa mzima. Kifua kikuu huletwa na kijidudu, huambukiza, na kwa dawa za miezi kadhaa hupona. Huu wetu hauambukizi. Mjukuu aweza kulala ubavuni mwa bibi yake bila hofu. Walakini, kilichokwisha kuharibika hakirudi. "Dawa ya kuuondoa kabisa hakuna," alisema, "lakini njia ya kuishi nao ipo, na anayeifuata huishi vizuri kuliko asiyeifuata." Neno hilo la pili ndilo tulilolichukua nyumbani.

Na wala si maradhi ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani limeandika kuwa mwaka 2021 yaliua watu kiasi cha milioni 3.5 ulimwenguni, yakawa ya nne katika mambo yanayoua watu wengi zaidi. Na kwamba wale wanaokufa kwayo kabla ya kutimiza miaka 70, karibu 90 katika kila 100 ni wa nchi zenye kipato kidogo na cha kati, kama zilivyo zetu. Katika nchi tajiri, sababu ya zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa ni tumbaku. Katika nchi zetu tumbaku ni sababu ya asilimia 30 hadi 40 tu. Na katika sababu kubwa zinazosalia umo moshi wa ndani ya nyumba: kuni, mkaa, mabua na mafuta ya taa. Hapa kwetu Tanzania, uchunguzi uliofanywa katika sehemu ya mashamba, na kutangazwa mwaka 2018, uliwapima watu wa miaka 35 na zaidi, ukawakuta wagonjwa wa maradhi haya zaidi ya 17 katika kila 100. Na karibu wote walikuwa hawajapata kupimwa pumzi wala kutibiwa. Uchunguzi huo ulionyesha pia kuwa aliyewahi kuugua kifua kikuu, hata akapona, yumo katika hatari zaidi, kwa kuwa kovu la mapafu husalia. Tuongeze na vumbi la kazi: la mbao, la saruji, la mashine za kukoboa na kusaga. Vijana wetu wafanyao kazi hizo wafunge pua na vinywa kwa kinachofaa, nao waajiri wao wawape, kabla ya kifua kudai haki yake.

Ama habari ya sigara, tunaye jirani wa zamani aliyehamia Kinondoni, rafiki wa marehemu baba yetu, ambaye sisi humwita Baba Mkubwa. Yeye alivuta tangu ujana, na alipofika miaka sitini pumzi ikamwacha ngazini. Tulipomshauri aache, alitujibu, "Wanangu, nyumba imekwisha kuungua, mwaniambia nizime kiberiti?" Jibu lake ni tamu masikioni, lakini si la kweli. Wataalamu wawili wa Uingereza, Charles Fletcher na Richard Peto, waliwafuatia wafanyakazi wa kiume wa London kwa muda wa miaka minane, na mwaka 1977 wakaeleza walichokiona: mvutaji aliyepatikana na udhaifu huu akiacha, alichokipoteza harudishiwi, lakini kasi ya kuharibika hupungua, ikakaribia ile ya mtu asiyevuta. Yaani nyumba haiungui kwa mara moja. Yaungua chumba baada ya chumba, na azimaye moto leo ameokoa vyumba vilivyobaki. Baba Mkubwa aliacha katika mwaka wake wa 64, baada ya kushindwa mara mbili. Bado yu hai, na hutembea mwenyewe mpaka msikitini, ijapokuwa hupumzika njiani. Tena tukumbuke kuwa tangu mwaka 2003 iko sheria ya Tanzania ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, yenye kuweka mipaka ya kuvuta mahali pa watu wengi. Basi yatakuwa maajabu mtu akistahi sheria barabarani, kisha akaingia nyumbani na kuvuta mbele ya mtoto mchanga.

Turudi kwa mama yetu. Dawa alizopewa ni za kuvuta kwa kinywa: moja ya kufungua njia za hewa upesi pumzi inapobana, na nyingine ya kutumia kila siku, asubuhi na jioni, hata akijiona mzima. Hapa twamtahadharisha msomaji kwa kosa letu wenyewe. Miezi miwili mizima mama yetu aliipuliza dawa ile juu ya ulimi na kuimeza, nasi tukadhani dawa haifai. Dawa iliyofika tumboni haikufika mapafuni. Muuguzi mmoja mwenye subira ndiye aliyegundua, kwa kumwambia tu, "Mama, hebu nionyeshe unavyoivuta." Akatufundisha kuitikisa, kutoa pumzi kwanza, kuibonyeza huku ukivuta polepole na kwa kina, kisha kuizuia pumzi kwa kadiri ya nukta kumi. Kwa mzee ambaye mkono na pumzi yake havipatani, kipo kikopo cha katikati, ambacho dawa hupulizwa ndani yake kwanza, kisha ikavutwa kwa utulivu. Asiyeweza kukinunua asivunjike moyo, kwani madaktari wa Cape Town walionyesha mwaka 1999, kwa watoto wenye pumu, kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa kadiri ya mdomo wa dawa na kuzibwa vema pembeni, yaweza kufanya kazi hiyo. Ya mama yetu ilikuwa chupa ya maji ya kunywa, na muuguzi aliikagua kabla hajaitumia.

Tukafundishwa pia mambo yasiyo na bei. La kwanza ni kuvuta hewa kwa pua, kisha kuitoa polepole kwa midomo iliyokunjwa, kama mtu apozaye chai ya moto, na kuitoa kwa muda ulio mara mbili ya ule wa kuivuta. Hivyo njia za hewa hukaa wazi, na hewa iliyonaswa hupata kutoka. La pili, pumzi ikibana, mgonjwa akae, ainame mbele kidogo, aegemeze viwiko juu ya mapaja, asilazwe chali. La tatu ni kutembea. Sisi kwa mapenzi yetu tulikuwa tumemkataza hata kunyanyuka, na kwa kufanya hivyo tukaidhoofisha miguu yake, na miguu dhaifu hutaka hewa nyingi zaidi. Mjini Kampala madaktari waliwapa wagonjwa ambao mapafu yao yaliharibiwa na kifua kikuu mazoezi ya kupimwa pamoja na mafunzo, kwa muda wa majuma kadhaa, na mwaka 2017 wakaeleza kuwa wagonjwa hao waliweza kutembea mbali zaidi na hali zao zikawa bora. Mama yetu alianza kwa kutoka chumbani mpaka barazani; kisha mpaka kwenye mwembe; kisha mpaka dukani kwa Mpemba na kurudi. Kila hatua aliitangaza kwa wajukuu kana kwamba amerudi safari ya Hija.

Sasa twafika katika jambo lililotuumiza zaidi. Ramadhani ya mwaka 1444 iliingia mwishoni mwa Machi 2023, katika masika. Daktari alikwisha kumwambia asifunge mpaka aonane naye tena. Mama yetu alimsikiliza kwa adabu, akarudi nyumbani, akanuia. Tulipomsihi alisema, "Wanangu, mimi nafunga tangu nikiwa mwari. Mwataka nikamkute Mola wangu na deni?" Nani kati yetu angeweza kumjibu? Hatukujua kuwa tangu daku hata magharibi alikuwa haivuti dawa yake, kwa kuchelea saumu isije ikafunguka. Wala hatukumzuia kusimamia futari, kwani yeye alituambia kuwa pishi la futari ni ibada yake. Mvua ikanyesha, na majiko manne, letu na ya wapangaji, yakaingizwa ukumbini. Siku ya tisa, baada ya alasiri, mjukuu alimkuta ameketi juu ya kibao cha mbuzi, nazi mkononi, midomo imegeuka rangi ya zambarau, akitaka kusema na neno halitoki. Tulimpakia katika bajaji, mtu mmoja akimshikilia wima, tukapita katika maji ya barabarani huku adhana ya magharibi ikilia. Alikaa hospitalini siku saba, akipewa hewa ya oksijeni, na siku mbili za mwanzo hatukujua kama tutarudi naye.

Aliporudi, hatukumgombeza. Tulimwomba imamu wa msikiti wetu wa mtaa aje kumzuru, naye akaketi karibu na kitanda akamwambia, "Mama, yule akupokeleaye saumu yako ukiwa mzima ndiye akupaye ruhusa ukiwa mgonjwa. Ruhusa yake si kitu cha kuonewa haya." Akamfahamisha kuwa mgonjwa ambaye saumu yamdhuru, na matabibu waaminifu hawatarajii maradhi yake kuondoka, hana lawama ya kula, bali humlisha maskini kwa kila siku, na katika mazhabi ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa pwani yetu, kadiri yake ni kibaba cha chakula cha mji. Hali kadhalika sala: asiyeweza kusimama akae, na asiyeweza kukaa alale, wala thawabu yake haipunguki kwa udhuru. Ama dawa ya kuvuta mchana wa Ramadhani, alisema wanazuoni wa zama hizi wamehitilafiana: wako wasemao kuwa haifunguzi, kwa kuwa ni hewa na chembe za dawa ziendazo mapafuni, wala si chakula wala kinywaji, na wako wasemao kuwa hufunguza, kwa kuwa kitu chake hupita kooni. Mwenye nguvu za kufunga amwulize mwalimu wake, na amwulize daktari wake kama dawa ya kila siku yaweza kutumiwa wakati wa daku na baada ya futari. Lakini katika jambo moja hakuna hitilafu: pumzi ikibana mchana, dawa ya kuokoa roho hutumiwa papo hapo, na habari ya saumu itazungumzwa baadaye.

Ramadhani iliyofuata, ya mwaka 2024, mama yetu aliagiza mchele mzuri, si ule wa kuvunjika. Akaketi barazani, akaupima kwa mkono wake mwenyewe, kibaba baada ya kibaba, hata vikatimia thelathini, yaani pishi saba na nusu. Kisha akaongeza na vya siku zilizompita mwaka wa nyuma. Alipima kwa utulivu, akipumzika kila baada ya vibaba vitano. Alipokwisha alisema, "Haya, nimefunga." Sisi tuliokuwapo tuliingia ndani mmoja mmoja, kila mtu akijifanya ana shughuli.

Limebaki jambo la moshi wenyewe, kwa kuwa dawa na moshi havikai nyumba moja. Tuliwaita wapangaji wetu, tukakaa nao uani kama jamaa, tukawaeleza. Tulikubaliana kuwa hakuna jiko kuingia ukumbini, hata mvua ikinyesha. Nasi tukajenga banda la bati uani, lililo wazi pande tatu, ili wapate pa kupikia. Kwa upande wetu tulichangishana, watoto watano, tukanunua mtungi wa gesi na jiko lake, na mchango wa kuujaza ukawekwa kila mwezi pamoja na ule wa dawa. Mama yetu alinung'unika kuwa wali wa gesi hauna ladha na haufanyi ukoko. Hilo la ukoko tulilikubali, tukasema ni gharama tutakayoivumilia. Twajua kuwa mkaa hununuliwa kwa fungu, kwa fedha ya siku ile ile, na mtungi wataka fedha nyingi kwa mara moja. Na hapo ndipo wengi wanapokwama, si kwa ujinga wao bali kwa mfuko wao. Kwa hiyo Serikali ilipozindua mwezi wa Mei 2024 mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, tulifurahi, nasi twatumaini kuwa utafika hata kwa mama muuza maandazi wa uchochoroni. Na asidhani mtu kuwa jiko lolote jipya linatosha: huko Malawi walijaribu majiko ya kuni yaliyoboreshwa, na mwaka 2016 wakatangaza kuwa hayakupunguza nimonia kwa watoto wadogo. Kinachotakiwa ni moshi kuondoka. Kupungua kidogo si dawa.

Na moshi hautoki jikoni peke yake. Tuliondoa koroboi. Tuliacha kuchoma takataka uani wakati wa jioni, na dawa ya mbu ya kuchoma tukaibadilisha kwa chandarua. Ama udi na ubani, mambo yetu ya heshima katika maulidi na arusi na Ijumaa, hatukuyatupa. Tumeyatoa chumbani mwa mgonjwa. Nguo hufukizwa uani, zikapoa, ndipo zikaletwa ndani zikiwa na harufu yake. Manukato ni jambo zuri, lakini sharia yetu haikubali mtu ajidhuru nafsi yake wala amdhuru mwenziwe, nasi hatuoni sunna yoyote katika kumfukizia mtu asiyeweza kupumua.

Tuseme na alama za hatari, ili msomaji azikate na kuzibandika ukutani. Makohozi yakizidi au yakibadilika rangi, na pumzi ikawa fupi kuliko desturi, mpelekeni mgonjwa kwa daktari siku ile ile, wala msingoje kesho. Na mkimwona hawezi kutimiza sentensi moja, au midomo na kucha zimegeuka buluu, au anasinzia na kuchanganyikiwa, hilo ni jambo la saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Chanjo za mafua makali na za nimonia, pale zipatikanapo, mwulizeni daktari. Na ikiwa mgonjwa ameandikiwa oksijeni nyumbani, jueni kuwa uchunguzi wa miaka ya 1980 na 1981 ulionyesha kuwa wale ambao oksijeni ya damu zao imepungua sana huongezewa umri wakiitumia kwa saa 15 au zaidi kwa siku. Lakini jiko, kiberiti, sigara na chetezo visiikaribie kabisa, kwani oksijeni hugeuza cheche ndogo kuwa moto mkubwa.

Leo mama yetu yu hai, alhamdulillahi. Hawi mzima, wala hatusemi uongo kuwa atakuwa. Asubuhi hukaa barazani, upande upepo unapotoka, na maandazi hupikwa na mjukuu wake mkubwa kwa jiko la gesi, yeye akiamrisha kwa fimbo kutoka mbali: iliki imezidi, unga haujaumuka, mafuta hayajapata moto. Akichoka husimamisha maneno, akakunja midomo, akatoa pumzi yake polepole, kisha akaendelea pale pale alipoachia.

Ewe ndugu msomaji, yuko mtu nyumbani mwako anayesimama njiani kutazama khanga asizozinunua. Usimpite. Mwulize, kisha umchukue akapimwe. Mama zetu walivuta moshi ili sisi tushibe. Na deni hilo halilipwi kwa kuwasifu siku ya matanga yao, bali kwa kuwatoa katika moshi wangali hai. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu wote, na awarehemu waliotangulia.

Wabillahi tawfiq.